Nyavu zikianikwa: ukosefu wa kazi na afya ya akili ya wanaume wa Ziwa Mweru

Kukosa kazi kuna maana gani mahali ambapo wenye mshahara ni wachache?

Kandokando ya Ziwa Mweru, kaskazini mwa Zambia, kazi ya mwanaume ni uvuvi. Ndivyo ilivyo Puta, kwa Wabwile, karibu na mpaka wa Kongo, na ndivyo ilivyo kusini zaidi, Nchelenge na kwenye soko la Kashikishi. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaliana. Mwenye mitumbwi huvuka miezi hiyo kwa akiba au kwa duka lake. Kibarua wake, anayetegemea fungu la mavuno ya kila usiku, hubaki mikono mitupu.

Huo ni ukosefu wa kazi wenye tarehe, na kwa sababu hiyo huvumilika. Usio na tarehe ni wa ziwa lenyewe kupungukiwa. Mpumbu, samaki waliovuliwa kwa wingi walipokuwa wakipanda mto Luapula kutaga, waliporomoka katikati ya karne ya 20 kwa kuvuliwa kupita kiasi wakati huohuo wa kutaga. Leo wengi wanategemea chisense, dagaa wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa. Zamani kijana aliyeona ziwa limemkataa alikwenda kwenye migodi ya shaba, Katanga upande wa Kongo au Copperbelt upande wa Zambia. Migodi ya Zambia ilipouzwa kwa wawekezaji kuelekea mwaka 2000, maelfu waliachishwa kazi, na baadhi walirudi vijijini walikotoka miaka mingi nyuma. Njia ya kutokea ikawa nyembamba.

Kwa nini mzigo huu humwelemea mwanaume wa huku kwa namna yake?

Jamii nyingi za mkoa huu wa Luapula hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti juu yake. Kwa desturi, kijana aliyeoa alihamia kwa wakwe akawalimia na kuwajengea kabla ya kuruhusiwa kumchukua mke. Mwanaume basi aliingia katika nyumba kwa kazi yake. Heshima yake ilitokana na samaki aliowaleta, nguo alizonunua na shamba alilofyeka.

Desturi ya kuwatumikia wakwe imelegea, na mahali pengi fedha imechukua nafasi ya jembe. Kipimo kimebaki kilekile. Mwanaume asiyeleta kitu, akiwa anaishi katikati ya ndugu wa mkewe, hana pa kuegemea: watoto ni wa ukoo mwingine, mara nyingi ardhi pia, na kile kilichompa haki ya kukaa pale kimekwisha. Pengine hakuna anayemfukuza. Huanza mwenyewe kula haraka na kuondoka, au kusema ameshashiba kabla ya ubwali, yaani ugali, kufika. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, mapema kuliko watu wanavyodhani.

Je, tatizo si umaskini tu, ambao fedha zingeuondoa?

Fedha ni sehemu kubwa ya tatizo, na asiyekubali hilo hajawahi kulala na njaa. Hata hivyo kuna kitu kingine kinachopotea pamoja na kipato. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Marie Jahoda na wenzake walichunguza Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Wanaume, wenye saa nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yao, walitembea polepole na kusimamasimama njiani. Walisoma vitabu vichache kuliko zamani, ingawa ada ya maktaba ilikuwa imefutwa. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaachia nafasi, waliendelea na mwendo wao. Jahoda alieleza baadaye kwamba kazi humpa mtu mpangilio wa siku, watu wa kukutana nao, lengo la pamoja, hadhi na jambo la kufanya.

Mweru yanaonekana hayohayo. Kwa mvuvi, usiku una ratiba: taa, nyavu, wenzake wanne au watano ndani ya mtumbwi mmoja, kisha ufukweni alfajiri na wanunuzi wanaosubiri. Uvuvi ukisimama, vyote hivyo husimama siku moja. Mkewe bado ana muhogo wa kuloweka na kuanika, na mara nyingi biashara ndogo sokoni.

Sonona ya mwanaume hutambulikaje?

Kwa Kibemba, lugha inayosikika kote katika ufuko huu, mahangaiko ya moyo huitwa *amasakamika*. Neno hilo lina manufaa kuliko jina la ugonjwa, kwa sababu mwanaume anaweza kulitamka bila aibu. Kitabibu, huzuni au kukosa hamu ya mambo inayodumu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi mbovu, uchovu, kujiona hana thamani au kushindwa kutulia kifikra, ni dalili za sonona.

Wanaume wengi, hata hivyo, hawalii. Hukasirika kwa jambo dogo. Hulalamikia mgongo, kichwa au tumbo, na hupewa dawa za maumivu. Wengine huamini wamelogwa, hasa pale ambapo jirani anapata samaki na wao hawapati. Wengi huishia kwenye kachasu, pombe kali inayopikwa majumbani, ambayo ni rahisi na huleta usingizi. Usingizi huo ni mbovu, na kesho yake huzuni huwa nzito zaidi. Ndugu husema, “Ni mlevi tu.” Kauli hiyo imewafungia wengi mlango wa matibabu.

Nyumba huathirika vipi?

Margrethe Silberschmidt, mtafiti wa Denmark, alifanya kazi Kisii nchini Kenya na Dar es Salaam. Aliona wanaume walioshindwa kutimiza wajibu wa kulisha familia wakitafuta heshima kwingine: kwenye pombe, kwa wanawake wengi, wakati mwingine kwa mabavu. Kueleza chanzo hakumwondolei mtu hatia ya kipigo. Kunasaidia tu kujua pa kuanzia.

Wakimbizi wa Mantapala wako katika hali gani?

Makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yalifunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia mapigano, na Kiswahili husikika humo. Mwanaume aliyekuwa fundi au mfanyabiashara hujikuta akisubiri mgao kama watoto wake, juu ya yale aliyoyaona vitani. Kipande cha ardhi cha kulima kwake ni sehemu ya matibabu.

Msaada upo wapi?

Hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini, Chainama Hills, iko Lusaka, karibu kilomita 1,000 kutoka ziwani. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 2019 iliondoa ile ya kikoloni na kutambua haki za wagonjwa, lakini sheria haipandi basi kuja Puta. Kwa wengi mlango wa kwanza utabaki kuwa zahanati ya karibu.

Zimbabwe ina somo la kuigwa. Daktari Dixon Chibanda alianzisha Harare mpango wa akina bibi waliofunzwa kusikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za sonona zilipungua sana. Lakini zaidi ya wanane kati ya kila kumi walioshiriki utafiti huo walikuwa wanawake. Benchi la Mweru halina budi kuwekwa pale ambapo wanaume wamekaa tayari, chini ya mti wanakoshonea nyavu, na msikilizaji awe mvuvi mzee anayejua Januari ilivyo.

Familia ifanye nini?

Imwite mwanaume kwenye kazi, hata isiyo na malipo: mvua za miezi ambayo uvuvi umefungwa ni za kupanda muhogo, na kulima na watu hurudisha mpangilio wa siku. Imwulize mahangaiko yake akiwa hajalewa, wala isimwulize mbele ya wakwe. Na akianza kugawa nyavu zake, au kusema kwamba watoto wangekuwa salama zaidi bila yeye, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake usiku huo, sumu na kamba ziondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.