Nyumba ya Nyota ya Samarqand

Ndugu zetu wasomaji, hapa petu Faza mtu akitajiwa falaki hukumbuka mara moja ubao wa ramli na hirizi. Jina la elimu tukufu limevishwa kazi ya uwongo, nasi wanavyuoni tumenyamaza. Basi leo twapenda kueleza falaki ilikuwa nini mikononi mwa Waislamu walioitumikia.

Mjini Samarqand, katika nchi iitwayo leo Uzbekistani, alitawala Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, aliyezaliwa mwaka 1394. Mfalme huyu alikuwa mwanachuoni wa hesabu. Alijenga madrasa, kisha baada ya mwaka 1420 akajenga kilimani nyumba ya kupimia nyota, akawakusanya mabingwa: Qadhi Zada al-Rumi, Jamshid al-Kashi na Ali Qushji. Ala yao kubwa ilikuwa upinde wa mawe, nusu yake umechimbiwa ardhini, umeelekezwa kaskazini na kusini, na tangu kituo chake hata ukingoni wapata mita 40. Jua likifika kati ya mbingu, mwanga wake huangukia upindeni, nao husoma daraja zake. Walipima, wakaandika, wakapima tena. Wakatoa jedwali ya nyota 1,018, na mwaka wakauhesabu siku 365, saa 6, dakika 10 na sekunde 8, wala hawakukosea hata dakika 1. Na darubini hawakuwa nayo! Kweli, kitabu chao kina sehemu ya kubashiri kwa nyota, na katika hilo hatuwatetei.

Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe. Nyumba ikaachwa, ikabomoka, hata mahali pake pakasahauliwa. Walakini Ali Qushji alihama na elimu yake, akasomesha Istanbul, akafia huko mwaka 1474. Na mwaka 1665 jedwali ile ikapigwa chapa Oxford. Upinde wenyewe ulifukuliwa mwaka 1908 na Mrusi aitwaye Vyatkin. Leo pana makumbusho hapo, na wageni huchungulia kipande cha chini kilichosalia.

Na sisi je? Manahodha wetu walihesabu mwaka tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, wakakijua Kilimia na majira ya kaskazi na kusi. Ni wazee wangapi wabakio na hesabu hiyo, na ni kijana gani amekwenda kuwauliza? Samarqand yalisalia mawe ya kufukuliwa. Hesabu ya nahodha haina jengo; akizikwa, huzikwa nayo.

Katika darasa ijayo, inshaallah, tutasoma namna ya kupima kivuli cha Adhuhuri na Alasiri kwa kijiti. Kila mwanafunzi aje na chake.