Nani Apewe Mbwa?

Kule Karen, Nairobi, shirika la KSPCA haligawi mbwa ovyo. Boma la anayemtaka hukaguliwa kwanza. Ni vizuri, lakini hapa Chekalini tukidai ua wa kuzunguka boma, jameni, nani atapata? Mjane asiye na ua ndiye anayehitaji mlinzi zaidi. Sisi twaona tuulize mambo mawili: mbwa atakula nini, na nani atampeleka chanjo kila mwaka? Kwa hiyo sindano tusilegeze kamba hata kwa jamaa zetu, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Baada ya mwezi, kamati impitie aliyepewa, iangalie mbavu za mbwa. Zikihesabika, arudishwe.