Kuvu wa mizizi na mche wa mkunazi

Swali: Miche yangu ya mkunazi hudumaa kwenye viriba. Nimesikia kuna kuvu wanaosaidia mizizi. Je, ni kweli?
Msomaji, Chechelesi, Isiolo

Jibu: Ni kweli. Kuvu hao huitwa kuvu wa mikoriza. Nyuzi zao, nyembamba kuliko unywele, huingia ndani ya mizizi na kutambaa mbali udongoni, zikiuletea mche fosforasi na maji. Mche nao huwalipa kwa sukari.

Mkunazi huwategemea sana. Katika utafiti wa Afrika Magharibi uliochapishwa 1998, kwenye mchanga wenye fosforasi haba, mkunazi ulinufaika nao zaidi kuliko mkwaju.

Msomaji anaweza kuanza bila gharama. Achimbue udongo wenye vimizizi chini ya mkunazi mkubwa wenye afya, kisha atie kiganja kimoja katika kila kiriba, pale mizizi itakapougusa. Mbolea ya DAP, yenye fosforasi, aipunguze: mche ulioshiba fosforasi huwanyima kuvu nafasi. Dawa za ukungu nazo zisimwagwe kiribani.

Kwa matunda mengine, udongo huohuo waweza kuifaa stroberi, lakini si bluberi, ambayo hushirikiana na kuvu wa jamii nyingine na hutaka udongo wenye tindikali.