Upweke wa Wazee na Kazi ya Vikundi vya Kusaidiana

Watu wengi hudhani kuwa mpweke ni mtu akaaye peke yake. Wanasayansi ya jamii hutenganisha mambo mawili. Kutengwa ni hali iwezayo kuhesabiwa: mzee huonana na watu wangapi kwa juma, na nani humbishia hodi. Upweke ni hisia, yaani pengo kati ya uhusiano alio nao mtu na ule anaoutamani. Peter Townsend, aliyechunguza maisha ya wazee wa Bethnal Green, London, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1957, aliitilia mkazo tofauti hiyo. Hivyo, bibi alalaye nyumba moja na wajukuu sita aweza kuwa mpweke, ikiwa watu wa rika lake wamekwisha kufariki na hakuna amwombaye shauri.

Mwaka 2015 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walijumlisha tafiti 70. Waliona kuwa upweke uliambatana na ongezeko la asilimia 26 la uwezekano wa kufa mapema, na kutengwa asilimia 29. Yafaa mwanafunzi akumbuke kuwa kuambatana si sawa na kusababisha, na kwamba nyingi za tafiti hizo zilifanywa katika nchi tajiri.

Katika kata ya Kabasa, wilayani Bunda, na katika Kanda ya Ziwa kwa jumla, kutengwa kuna hatari iliyo kali zaidi. Kwa miaka mingi kanda hiyo imeshuhudia wanawake wazee wakituhumiwa uchawi, na baadhi yao kuuawa. Macho mekundu hutajwa kuwa ushahidi, ilhali moshi wa kuni na wa samadi kavu watosha kuyawasha macho ya yeyote aliyepika kwa miaka 40. Mtuhumiwa aghalabu ni mjane asiye na wa kumtetea. Huko Magu, kusini-magharibi mwa Bunda, shirika la MAPERECE limelishughulikia jambo hili pamoja na wanavijiji.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliandika mwaka 1962 kuwa katika jamii ya jadi mzee aliyeonekana kustarehe alikuwa ameitumikia jamii hiyo ujanani. Heshima yake ilikuwa na msingi wa kazi. Vijana wanapohamia mijini, msingi huo hudhoofika, na hotuba za kuwahimiza watu kuwaheshimu wazee haziurudishi.

Hapo ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kina nafasi. Utaratibu wake ulianza nchini Niger mwaka 1991, ukaenea Tanzania, ambako wengi huuita VICOBA. Wanachama hukutana kwa siku maalumu, hununua hisa, na huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Chukulia wazee 20, kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa juma: baada ya majuma manne mfuko una shilingi 40,000. Fedha hizo si nyingi. Lakini sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu. Mzee mwenye ufunguo asipofika, sanduku halifunguki. Lazima mtu atumwe kwake. Mtu aliyekuwa hatafutwi sasa hungojwa.

Kasoro haikosekani. Asiye na fedha za hisa hubaki nje, naye ndiye mhitaji kuliko wote. Zanzibar ilipoanza mwaka 2016 kumpa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, mzee asiye na chochote alipata senti ya kuchangia. Penye ukosefu wa fedha, kikundi chaweza kupokea mtama au mihogo, au kazi ya kutunza daftari.

Wanafunzi waweza kuchora ramani ya kijiji chao, wakionyesha nyumba za wenye miaka 60 na zaidi, kisima, na mahali vikundi vinapokutania, kisha wapime umbali. Kikundi kikutanacho kilomita nne kutoka kwa mjane mwenye goti bovu kimekwisha kumwacha nje, hata kama jina lake limo daftarini.