Somo la 14: Mfalme Aliyekabidhi Upanga

Ndugu msomaji, unajua maana ya neno "kibaraka"? Ni mtu anayewekwa madarakani na mgeni ili afanye kazi ya mgeni huyo. Soma habari za mfalme Bao Dai, kisha uamue mwenyewe kama neno hilo linamfaa.

Bao Dai alizaliwa mwaka 1913 katika mji wa Hue, nchini Vietnam. Nchi hiyo iko Asia, na wakulima wake hulima mpunga. Wakati huo ilitawaliwa na Wafaransa. Baba yake alikuwa mfalme, lakini mfalme wa jina tu. Kodi na jeshi vilikuwa mikononi mwa wakoloni. Baba alipofariki mwaka 1925, mtoto alikuwa na miaka 12 tu. Alitawazwa, kisha akarudishwa Ufaransa kusoma. Alirudi kwao mwaka 1932 akitaka kurekebisha serikali. Wafaransa hawakumpa nafasi. Akabaki kuwinda wanyama porini.

Mwezi Machi 1945 Wajapani waliwapindua Wafaransa. Bao Dai akatangaza uhuru, lakini wenye bunduki walikuwa Wajapani. Kaskazini watu walikufa kwa njaa, maelfu kwa maelfu. Mfalme hakuweza kuwaokoa. Mwezi Agosti Japani ikashindwa vita, na wananchi wakainuka wakiongozwa na Viet Minh.

Tarehe 30 Agosti 1945, kwenye lango la jumba lake, Bao Dai aliwakabidhi wajumbe wa Viet Minh muhuri wa dhahabu na upanga wake. Alisema ni afadhali kuwa raia wa nchi huru kuliko kuwa mfalme wa watumwa. Siku tatu baadaye Ho Chi Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi. Bao Dai akawa mshauri wake. (Mwezi huohuo wa Septemba serikali mpya ilianzisha madarasa ya kisomo cha watu wazima, kama hili lako.)

Laiti angebaki hapo! Mwaka 1946 alikwenda China, kisha akakaa Hong Kong. Wafaransa walirudi kwa nguvu, vita vikaanza. Walitafuta Mvietnam wa kuwafunika uso, wakamfuata yeye. Mwaka 1949 alikubali kuwa Mkuu wa Nchi. Alitumaini kupata uhuru kwa mazungumzo. Wananchi wengi walimwona kibaraka.

Mwaka 1954 Wafaransa walishindwa huko Dien Bien Phu, na nchi ikagawanywa. Mwaka 1955 waziri mkuu wake upande wa Kusini, Ngo Dinh Diem, aliitisha kura ya kumwondoa. Karatasi nyekundu ilikuwa ya Diem, ya kijani ya Bao Dai. Diem alitangaza kwamba amepata asilimia 98. Mjini Saigon kura zilizidi idadi ya watu walioandikishwa!

Bao Dai alikuwa Ufaransa siku hiyo. Alifia Paris mwaka 1997.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini Wafaransa walimhitaji Bao Dai mwaka 1949?
2. Wewe ungekuwa yeye, ungejibu nini?
3. Kura za Saigon zilizidije idadi ya wapiga kura?