Tetemeko la Nchi na Mnara wa Siloamu

Wakatekumeni wapenzi, tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa Dominika ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Injili iliyowekwa kwa Misa ya siku ile ilikuwa ya Heri Nane, ambamo Mwokozi wetu anawaahidi faraja wenye huzuni. Ilipopata saa tatu na nusu asubuhi, nchi ilitetemeka kando ya ziwa Kivu, upande wa kaskazini ya Bukavu. Nguvu yake ilipimwa 5.9. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao ng'ambo ya Rwanda, na mamia walijeruhiwa. Katika wilaya ya Rusizi nyumba ya sala iliwaangukia watu waliokuwa wakimwomba Mungu.

Siku ileile, baada ya saa sita mchana, nchi ilitikisika tena. Basi watu wakaziogopa kuta zao wenyewe. Wengi walilala nje, mama na watoto wao wachanga, hata wale ambao nyumba zao zilikuwa zingali zimesimama. Aliyeokoka katika tetemeko hapati amani upesi: lori likipita njiani, moyo wake waruka, mtoto akataa kuingia ndani, naye baba hawezi kumkemea, kwa kuwa yeye pia anaogopa. Hofu hiyo si dhambi, wala si upungufu wa imani.

Lakini kuna swali linalomwumiza aliyefiwa kuliko jiwe: Je, Mungu alikuwa akiwaadhibu? Wengine hutamka neno hilo hata matangani, nalo ni neno la aibu. Wengine humtafuta mchawi, wakamshika bibi kizee asiye na mtetezi.

Sikilizeni jinsi Yezu Kristu alivyojibu. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anakumbusha habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka ukawaua watu 18. Awauliza wasikilizaji wake kama wale walikuwa na makosa kuliko watu wengine wa Yeruzalemu. Yeye mwenyewe asema: hapana. Kisha awahimiza wote watubu, wale waliobaki hai. Tazameni vema: wafu hawahukumu, walio hai ndio anaowaita. Mtu asiseme basi kwamba waliokufa Rusizi walikuwa wabaya kuliko sisi. Walikutwa katika sala.

Nchi yetu hutetemeka kwa sababu ziwa Kivu limo katika bonde kubwa la ufa. Huko chini miamba huvutana na kuachana polepole, miaka na miaka, mpaka siku moja inakatika na kuteleza kwa ghafula. Hakuna mchawi awezaye kuisukuma. Tena mara nyingi kinachoua ni ukuta: matofali mazito yaliyoshikwa kwa udongo tu, bila mbao wala chuma cha kuyafunga, huanguka juu ya watu. Fundi anayefunga vizuri pembe za nyumba, na kuifanya sehemu ya juu iwe nyepesi, anatimiza amri ya tano kwa mikono yake.

Na yule aliyeokoka? Kwanza apewe mahali pa kulala, maji na chakula. Asilazimishwe kusimulia, akitaka kusimulia, asikilizwe hata mara kumi. Akimlilia Mungu kwa uchungu, asinyamazishwe: Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, na Eklezia huzisali kila siku. Kumjengea mjane ukuta wake ni kazi ya wakatekumeni pia, wala hakuna haja ya kungoja ubatizo.

Maswali ya kujibu nyumbani:

Watu wangapi waliuawa na mnara wa Siloamu, na Yezu alisema nini juu yao?

Katika kijiji chenu, ni nani anayelala peke yake katika nyumba yenye ufa, na nani atakwenda kuitazama juma hili?