Kuongeza RAM Katika Kompyuta ya Zamani

Wanafunzi wetu wapenzi, somo letu la mwaka huu linatokana na maneno tunayoyasikia kila tunapofungua chumba cha kompyuta: "Ustadh, mashine imeganda." Wengi wenu mmekwisha kutoa na dawa yake, kwamba iongezwe RAM. Huenda mkawa mmesema kweli. Lakini RAM hununuliwa, na fedha za chumba kile ni michango ya wazazi wenu, kwa hiyo tuujue kwanza ugonjwa wenyewe.

RAM ni nini? Mfikirie mwanafunzi anayesoma mezani. Vitabu vyake vyote vimo kabatini, na vile anavyovitumia sasa viko juu ya meza. Kabati ndiyo diski, meza ndiyo RAM. Umeme ukikatika, meza yote hufagiliwa, na ndiyo sababu kazi ambayo hukuihifadhi hupotea. Meza ikiwa ndogo, kila akitaka kitabu kipya hulazimika kurudisha kingine kabatini. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo: RAM ikijaa, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski. Sasa tazameni tofauti ya mwendo. RAM hujibu kwa muda wa nanosekunde 100 hivi, na diski ya kuzunguka huchukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Hapo ndipo taa ya diski huwaka bila kupumzika na mtu akasema mashine imeganda.

Ili kuhakikisha, fungua programu unazozitumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame sehemu inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu. Ikiwa imekaribia kujaa, na taa ya diski haizimi, basi upungufu ni wa RAM. Ikiwa nusu yake iko wazi na mashine bado ni nzito, tafuta kwingine: virusi, diski inayokufa, au vumbi lililoziba feni ya prosesa. Hayo hayatibiwi kwa RAM hata ukinunua ya laki tatu.

Angalia pia kama Windows yako ni ya biti 32 au ya biti 64. Ile ya biti 32 ya mashine za mezani haitumii zaidi ya 4GB, na mara nyingi huonyesha 3GB na kidogo tu, kwa kuwa baadhi ya anwani zimechukuliwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Kuitilia 8GB ni kujaza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

Sasa tuje kwenye ununuzi, ambapo ndipo fedha nyingi hupotea. RAM za mezani zina vizazi: DDR yenye meno 184, DDR2 na DDR3 zenye meno 240, na DDR4 yenye meno 288. Msidanganyike na DDR2 na DDR3 kuwa na idadi moja ya meno. Pengo lililokatwa katikati ya meno haliko mahali pamoja, na umeme wake ni tofauti: volti 1.8 kwa DDR2 na volti 1.5 kwa DDR3. Kipande kikikataa kuingia, kitoe ukitazame. Anayekikandamiza kwa nguvu huvunja sloti, na sloti iliyovunjika hurudi na ubao mama wote.

Tuchukue mfano wa Dell OptiPlex 780, mashine iliyotoka mwaka 2009 na ambayo bado imejaa katika maduka ya mitumba. Ile ya boksi la kusimama ina sloti nne za DDR3. Lakini si kila DDR3 itasomeka humo. Chipu za Intel zinazoendesha ubao mama wa wakati huo hazizifahamu RAM zenye chembe za kisasa zenye ujazo mkubwa. Kipande cha 4GB chenye chembe nane upande mmoja tu kitakataliwa, na chenye chembe kumi na sita, nane kila upande, hukubaliwa. Muuzaji anaweza kukuapia kuwa vyote ni 4GB, naye hasemi uongo! Basi hesabu chembe mwenyewe. Jihadhari vilevile na RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya kutupa, kwani zile ziitwazo rejista hazifanyi kazi katika mashine hizi. Njia iliyo salama kuliko zote ni kuchomoa kipande kilichomo na kwenda nacho dukani, na kukubaliana na muuzaji kwamba kisiposomeka atakirudisha.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kushika RAM, kwa sababu umeme tuli wa mwilini huweza kuiunguza bila wewe kuhisi lolote. Ishike kwa kingo, usiguse meno. Fungua vibanio, linganisha pengo, bonyeza pande zote mbili kwa usawa mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Ukiwa na vipande viwili vilivyo sawa, viweke katika sloti za rangi moja, ili vifanye kazi kwa jozi.

Ukiwasha na skrini ikabaki nyeusi, usifadhaike. Mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa, au sloti ina vumbi. Kitoe, pangusa, urudishe. Ikiwaka, iache programu ya MemTest86 ipime RAM usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, rudisha kipande dukani asubuhi, maana RAM mbovu huharibu mafaili kimya kimya, na utayagundua siku unapoyahitaji.